Gia Nne za Kurudi Nyuma

Nianze na waliokuwepo, maana kila mmoja wao huisimulia siku ile kwa namna yake, na kila mmoja huniongezea aibu nyingine juu ya ile yangu, ambayo ilinitosha kabisa. Alikuwepo mdogo wangu Konsolata, ambaye ndiye aliyekuwa anaolewa. Alikuwepo shangazi yetu Matilda, aliyemvalisha. Baba mdogo Kaspari, mdogo wake marehemu baba, ambaye tangu tuzike wazazi hatukumwona mpaka aliposikia habari za ng'ombe wa mahari. Fundi Nestori, mkimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka. Bwana harusi Deo na baba yake, mzee Baltazari, pamoja na vijana wao wawili waliobeba mtungi wa pombe ya ndizi ukining'inia kwenye mti mabegani. Na nilikuwepo mimi, Evarist, kwenye usukani. Wengine walikuwa watu wa barabarani, na hao siwezi kuwataja kwa sababu ilikuwa nusu ya kijiji chetu cha Runazi na sehemu kubwa ya kambi ya wakimbizi.

Gari lilikuwa Kotina ya baba. Aliinunua kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na alipokufa, na mama akamfuata, niliacha shule darasa la sita nikabaki na wadogo zangu, shamba la mihogo na Kotina ile juu ya mawe. Kuhusu Konsolata mama aliniachia neno moja tu: siku akiolewa atoke kwa gari la baba yake, watu wasije wakasema ametoka kama kuni ya kuokota.

Nililifufua polepole. Miaka ile wakimbizi walikuwa wamejaa Ngara na Biharamulo, na malori ya chakula yalichimba barabara yetu mpaka ikawa na mifereji miwili ambayo ukishaingia huchagui tena unakokwenda. Nilikuwa nabeba maharage kupeleka soko la kambini, na Kotina na vitairi vyake vyembamba ikawa inakwama kila mvua, ndipo nikaona kwa mwuza vyuma chakavu mjini Biharamulo rimu mbili pana na matairi yake, za pikapu iliyopinduka, nikabadilishana naye kwa maharage. (Hivyo ndivyo ninavyowaambia watu. Ukweli ni kwamba niliwahi kufungiwa karanga kwenye karatasi ya gazeti yenye picha ya gari dogo la zamani lenye matairi mapana nyuma, limeinama mbele kama fahali anayetaka kupigana, na tangu siku hiyo sikuwa na raha.)

Tulipozifunga, zilitokeza nje ya bodi kama mashavu ya mtoto mwenye matumbwitumbwi, zikakwaruza madigadi na kurusha tope mpaka kwenye vioo. Nestori akazizunguka huku anacheka.

"Tairi pana linataka ekseli fupi," akasema. "Tunakata huku, tunakata na huku, tunaunga. Kama suruali."

Nestori huyo alikuwa fundi wa malori kwao, na hakuna chuma alichokiogopa. Aliazima jenereta, akaishusha ekseli yote, akaikata pande zote mbili, akaichomelea upya, na zile shafti za ndani nazo akazifupisha. Kilichobaki ni kuchomelea vile vibao vya chuma ambavyo springi hukalia. Lakini siku hiyo ilikuwa siku ya mgao wa chakula, akakimbilia kambini kupanga foleni, akaniacha peke yangu na ekseli imelala uani.

Hapa sasa ndipo ninapojilaumu. Tangu utoto kulikuwa na jambo moja linanikera: injini iko mbele, propela, lile bomba refu chini ya gari, inazunguka kama mtu anayesokota uzi, lakini magurudumu yanazunguka kama ya baiskeli. Nani anayeugeuza ule mzunguko? Nilijua ni difu, lile tumbo lililo katikati ya ekseli, lakini kujua jina si kujua kitu. Basi nikafungua kizibo cha tundu la oili nikachungulia, giza. Nikaipindua ekseli chali ili jua liingie, nikatia kidole, nikazungusha, na nikaona meno ya gurudumu kubwa yakipita mbele ya tundu, jino baada ya jino, yakimeta kwa oili, na ukizungusha mbele yanakuja, ukirudisha yanakwenda. Nilikaa pale mpaka uji ukapoa. Sijutii kuona. Ninachojutia ni kwamba nilirudisha kizibo, lakini ekseli sikuirudisha.

Nestori akaja jua linazama, ana gunia la unga begani na haraka ya kuwahi kabla mwenye jenereta hajaifuata.

"Iko kama nilivyoiacha?"

"Ndiyo," nikajibu (nilidhani ni swali la salamu tu, kama mtu anapokuuliza umeamkaje).

Akachomelea vibao upande ule uliokuwa juu.

Tuliifunga asubuhi ya harusi. Tukaiwasha ikiwa bado juu ya mawe, nikatia gia, magurudumu yakazunguka vizuri bila kelele, tukashikana mikono kwa furaha. Niambieni nyinyi, nani huangalia gurudumu linazungukia upande gani?

Wakati huo Baba mdogo Kaspari alishavaa koti na kushika bakora, anapokea wageni kama mtu aliyetulea. "Mimi ndiye mwenye mji hapa," alimwambia mzee Baltazari, mimi nikisikia. "Vijana hawa ni yatima. Yatima hatoi binti. Kanisani nitasimama naye mimi." Mzee Baltazari aliitikia kwa adabu tu, kisha akanitazama mimi mwenye grisi mpaka viwikoni. Nikasema moyoni, subiri aone gari la baba likitoka na binti wa baba, atajua mwenye mji ni nani.

Konsolata na shangazi wakaingia nyuma, Nestori akakaa mbele. Vigelegele. Nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi kwa heshima zote, na Kotina ikarudi nyuma ikaparamia viti tulivyoazima kwa majirani.

"Umetia rivasi," alisema Nestori.

"Nimetia moja!"

Nikatia ya pili. Ikarudi nyuma kwa kasi zaidi, kuku wakatawanyika. Nestori akaruka nje, akaingia chini ya gari, na alipotoka alikuwa ameshika kichwa.

"Evarist, ndugu yangu, nani alilaza difu chali?"

Nikakitazama kile kidole nilichokitia kwenye tundu. Akaelewa. Akanieleza pale pale, kwa sauti ya chini, kwamba difu ikipinduka, na safari inapinduka: sasa tulikuwa na gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele, nayo ni rivasi. (Mniamini, pamoja na balaa lote lile, nilisikia utamu wa kuelewa.)

Konsolata akatoa kichwa dirishani. "Kaka, tutembee tu. Kanisa si lile pale juu?"

"Utatoka kwa gari la baba."

"Kaka."

"Kaa ndani, Konsolata."

Basi tukaondoka kwa rivasi, kwenda mbele, mwendo wa kinyonga, injini inalia kama inachinjwa, na gia inajitoa kila mara kiasi kwamba Nestori aliishikilia kwa mikono miwili. Baba mdogo alitangulia na bakora yake. Nyuma yetu walifuata Deo, mzee Baltazari na vijana wenye mtungi, na nyuma yao lori la unga lililokosa pa kupita likipiga honi, nasi tukaipokea honi hiyo kama sehemu ya sherehe.

Kwenye kilima cha kanisa tukakutana na watu wa kambini wanatoka kutafuta kuni. Walimtambua Nestori. Mama mmoja akaita, "Ee Nestori! Leo umekuwa mkubwa, unapanda gari la harusi!" Nestori, na mimi simlaumu, akaachia gia akawapungia mikono yote miwili.

Gia ikaruka. Gari likaanza kuteleza nyuma. Badala ya kukanyaga breki, mkono wangu ukafanya ulichozoea kufanya mlimani: ukatia gia ya kwanza, na mguu ukaongeza mafuta. Kadiri tulivyorudi ndivyo nilivyokanyaga ili tupande, na kadiri nilivyokanyaga ndivyo tulivyorudi, matairi mapana yanakamata barabara vizuri ajabu.

"Bibi harusi amekataa!" mtu akapiga kelele pembeni. "Anarudi kwao!"

"Konsolata!" Huyo alikuwa Deo, ambaye alitukwepa tulipompita akabaki mbele yetu, sasa anatukimbilia na viatu vipya mkononi. "Nimekosa nini?"

"Usigeuke nyuma, mwanangu!" shangazi alimshika Konsolata shingo. "Binti akitoka kwao hageuki nyuma!"

"Sijageuka, shangazi, ni gari!"

Vijana wakatupa mtungi wakarukia kwenye mihogo, na lori la unga nalo likarudi nyuma likipiga honi. Niliusikia ukipasuka chini yetu. Ndipo mguu ukakumbuka breki, tukaishia mtaroni, na harufu ya pombe ikapanda kilima chote. Hakuna aliyeumia. Kuliko kicheko cha watu wale, afadhali ningeumia mimi.

Mzee Baltazari akaja hadi kwenye vile vigae, akaviangalia kwa muda mrefu. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Mtungi huu ulikuwa wa mama yangu. Namdai nani? Mwenye mji ni nani?"

Baba mdogo Kaspari, aliyekuwa ameteremka mbio na bakora, aliangalia vigae, akaangalia koti lake, akarudi hatua moja.

"Mwenye mji ni Evarist," akasema. "Mimi ni mgeni tu."

Nikatoka mtaroni, tope kifuani. "Shikamoo baba," nikasema (tulikwisha salimiana asubuhi, lakini kichwa hakikuwa changu). "Ni mimi. Nitalipa."

"Marahaba, mkwe wangu," mzee akaitikia. Kabla ya hapo hakuwahi kuniita hivyo. "Nakudai wewe, basi. Sasa mpeleke binti yako kanisani, padri anasubiri."

Konsolata akashuka, akanishika mkono wangu wenye grisi bila kujali gauni lake jeupe, tukapanda kilima kwa miguu, na mlangoni nilisimama naye mimi.

Difu tuliirudisha baadaye, na Kotina ikabeba maharage miaka mingi kwa matairi yale yale. Tangu hapo nikichungulia kitu naweka alama ya chaki kwanza, na mtu akiniuliza kama kiko alivyokiacha, nakwenda kuangalia ndipo namjibu. Pombe nimempelekea mzee Baltazari mara nyingi, katika mitungi mizuri ya kununua. Huionja, huifuta midomo, husema, "Hii umenisalimia, mkwe. Ile ya deni utaleta lini?" Mtoto wa kwanza wa Konsolata sasa amenipita kimo, na mimi bado nadaiwa.