Ngozi ya Ndama wa Bihogo

Siku yangu ya kwanza kazini, koti jeupe likiwa bado halijapata doa, nilimhukumu ng'ombe kifo.

Ndiyo kwanza nimetoka chuo cha mifugo, nimepangwa Kagoma, Muleba. Kijiji cha ujamaa kilikuwa kinaandaa sherehe na mwenyekiti alitaka nyama. Nikaonyeshwa Bihogo, ng'ombe wa mjane, Ma Koku. Niliambiwa kwamba tangu azae mwaka uliopita hakuwa ameonyesha joto, yaani dalili za kutaka dume. Nikaandika: tasa.

"Mwanangu, huyo ndiye mbolea ya kibanja changu," alisema Ma Koku. "Ukimchinja, na migomba umeichinja."

"Mama, asiyezaa ni mzigo," nikamjibu, kama kitabu.

Siku ya sherehe kisu kilikuwa kinanolewa Bwana Mifugo wa Wilaya, mkubwa wangu, alipofika. Akavaa glavu ndefu, akaingiza mkono kwa nyuma, akapapasa vifuko vya mayai.

"Kijana, hivi ni vizima kabisa. Ndama wake yuko wapi?"

"Alikufa, mzee," akadakia Ma Koku.

"Na kiwele hiki kilichojaa, maziwa anamtolea nani?"

Ma Koku akaingia ndani, akatoka amekumbatia ndama. Nikaruka nyuma. Ilikuwa ngozi tupu ya yule aliyekufa, imejazwa majani makavu ya migomba, matundu mahali pa macho. Bihogo akaguna kwa upole, akailamba. Maziwa yakaanza kudondoka.

"Uzazi unaanzia kichwani," alisema mkubwa wangu. "Ubongo hutuma homoni kwenye tezi ndogo iliyo chini yake, nayo tezi huamsha mayai. Mama akiamini ana mtoto mchanga, ubongo hunyamaza."

"Kumbe mimi ndiye niliyemfunga uzazi!" Ma Koku akashika kinywa. "Na wajukuu watakunywa nini?"

"Uji, Mama. Chagua: ngozi au ndama."

Akachukua jembe mwenyewe, akaizika mgombani.

"Sasa tule nini?" akafoka mwenyekiti.

"Maharage, ndugu mwenyekiti," akajibu mkubwa wangu.

Bihogo alilia siku tatu. Wiki chache baadaye akaanza kuwapanda wenzake, joto limerudi, na mwaka uliofuata akazaa. Ndama yule Ma Koku alimwita Bwana Mifugo. Kila nikipita alimwita kwa sauti.

Nimestaafu, naishi Hamugembe. Ile karatasi niliyoandika tasa, mkubwa wangu hakuichana, alinirudishia. Ninayo. Wino umefifia, lakini kila nikiikunjua nakumbuka: sikuwa nimemgusa yule ng'ombe, wala kumuuliza Ma Koku neno.