Nyundo Niliyoikalia Pezi la Boti Lipate Kugeuka

Mama mkwe hakufungua mzigo. Tulipohamia Pangani kutoka kambi ya mkonge njia ya Muheza, alikubali kulala katika chumba tulichopewa nyuma ya ghala la nazi, alikubali kupika, lakini mzigo wa vyombo vyake ulikaa pale mlangoni umefungwa kamba ya mkonge, vilevile ulivyoshushwa kwenye lori.

"Nifungue cha nini?" alisema. "Kabla mwezi mwingine haujaandama, mtakuwa mmerudi kukata mkonge."

Mimi nilizaliwa kambini. Mama yangu alifia kambini. Nilikuwa nimeapa sirudi, na sikuwa mtu wa kuapa ovyo. Lakini kukaa kwetu Pangani kulitegemea boti moja tu, tena pezi moja la boti hiyo.

Mume wangu alikuwa fundi wa kukalafati, kazi ya kuziba nyufa za vyombo vya mbao kwa pamba na mafuta. Alirithi kwa babu yake huko Mtang'ata, na kazi ya mkonge aliiingia kwa sababu ya shida tu. Basi Mwarabu mmoja mwenye minazi mingi alinunua boti ya injini kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Boti nyeupe, ya starehe, ina vitanda na jiko ndani. Haikubeba nazi wala samaki. Na chini ya tumbo lake, huku na huku, ilikuwa na mapezi mawili kama ya papa. Wimbi likiilaza boti upande, injini inayageuza yale mapezi, nayo yanaisukuma isimame. Kila pezi lilishikwa na mti wa chuma uliopenya ubavuni mwa boti, na pale ulipopenya palikuwa na koo la chuma, nalo limejazwa pamba yenye mafuta ili chuma kizunguke bila maji kuingia.

Koo la kulia lilikuwa limechoka. Maji yaliingia kama bombani. Mwarabu akamwambia mume wangu, "Fundi, ukilitengeneza hili, boti ni yako kuitunza na chumba ni chako. Ukishindwa, nitaleta mtu wa Tanga mjini, na wewe urudi ulikotoka." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema kesho ni Ijumaa.

Tukangoja bamvua, maji yanapokupwa mpaka mbali. Asubuhi boti ikakaa juu ya magogo mchangani, na kazi ilitakiwa iishe kabla maji hayajarudi alasiri. Nilikuwa pale na chungu changu, nayeyusha mafuta ya mkia wa kondoo. Mama mkwe naye alikuja, akakaa pembeni kutazama tunavyoshindwa.

"Mwanamke hapiti chini ya chombo kilicho juu ya magogo," akaniambia.

Nahodha wa boti, Mdigo mwenye mdomo usiokaa, akadakia, "Shikamoo mama. Mila hiyo ni ya vyombo vya tanga. Hiki cha injini hakijaambiwa."

Pezi likatoka. Tukakwangua makombe yaliyoganda, tukasugua mti wa chuma mpaka ukang'aa, tukaurudisha. Hapo nahodha akasema neno ambalo mume wangu hakulipenda. Nahodha alikuwa ameshuhudia mafundi wa yule Mzungu wakiifanya kazi hii.

"Fundi, koo hili halizibwi kabisa. Liache litoe tone. Tone ndilo linalopoza chuma."

"Mimi nikiziba chombo hakivuji," mume wangu akajibu.

"Siyo kuvuja, bwana. Tone."

"Tone ni nini kama si kuvuja?"

Hebu mwelewe. Kwa mkalafati, tone moja ndani ya chombo ni aibu. Babu yake alikuwa akipitisha kiganja kwenye mbao zote kwa ndani, kikilowa anabomoa anaanza upya. Mume wangu akachukua pamba, akaichovya mafuta, akaisokota, akaishindilia kwenye koo kwa patasi na nyundo yake ya mti, ko, ko, ko, kama anaziba ufa wa mashua. Kazi safi sana. Hata mama mkwe alitikisa kichwa kukubali.

Nahodha akaingia ndani, akashika mpini wa kugeuzia pezi kwa mkono. Halikwenda. Akaning'inia. Halikwenda.

"Fundi," akaita, "umelizika pezi. Tulisomee?"

Mume wangu hakucheka. Upande wa mlango wa mto maji yalikuwa yameshaanza kurudi. Kung'oa ile pamba kulikula muda, maana ilikuwa imegeuka jiwe. Tuliitoa kwa ndoana, uzi kwa uzi. Nahodha akashauri tuzibe tundu kwa gogo tungoje bamvua nyingine. "Na bwana mwenye boti akija alasiri nimwambie nini?" mume wangu akauliza, akaichukua tena nyundo.

Mimi nikainyang'anya. Nikaiweka mchangani, nikatandaza kanga yangu, nikaikalia.

"Leo hii haipigi," nikasema.

"Mke wangu, inuka."

"Siinuki. Nipe pamba."

Kambini tulikotoka, watoto tulisuka kamba za kufungia kuni kwa mabaki ya mkonge, nyuzi nne, kamba ya pembe nne isiyojilegeza. Nikasuka pamba hivyo hivyo, nimekaa juu ya nyundo, vidole vinateleza mafuta. Chokaa sikutia, ingawa mume wangu alizoea kuichanganya, kwa sababu chokaa ingekwangua chuma tulichokisugua. Kila kipande nilikikata kitoshe kuuzunguka mti mara moja. Mume wangu akavisukuma kimoja kimoja kwa kijiti, kwa nguvu ya mkono tu. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayelishwa chakula asichokitaka, lakini mikono yake ilikuwa ya fundi. Miungio ya vipande aliipishanisha bila kuambiwa na mtu. Hilo mimi nisingeliwaza.

Maji yalikuwa magotini mwetu nahodha aliposhika mpini tena. Pezi likageuka laini, huku na huku, kama mkia wa samaki aliyerudishwa majini.

Boti ilipoelea tukaingia ndani kutazama koo. Kimya. Halafu tone. Likajikusanya, likaanguka. Baada ya muda, jingine. Mkono wa mume wangu ukaenda kwenye spana ya kukazia koo.

"Acha," nikamwambia.

"Linaniuma."

"Liume."

Mwarabu alipokuja akainama, akamulika kwa tochi, akaliona. "Fundi, mbona linavuja?"

Nilidhani mume wangu ataomba radhi. Akasimama, kichwa kikagonga dari, akasema, "Linatoa tone kwa sababu nimetaka litoe. Siku usipoliona, niite."

Mwarabu akacheka. Akaagiza kahawa, akaamuru sote tupande, na mama mkwe pia. Tukatoka mpaka mlango wa mto, pale mawimbi yanapokuja kwa ubavu na watu wanapotapika. Wimbi la kwanza likatulaza. Mama mkwe akanishika shingo, akaanza kusoma dua. Nahodha akafungulia mapezi. Boti ikajiinua, ikanyooka, ikaenda juu ya mawimbi kama inapita barabarani. Vikombe vya kahawa vilikaa palepale vilipowekwa. Mume wangu alitazama kikombe chake, hakukinywa, alikitazama tu, na machozi yalimtoka bila haya.

"Shemeji," nahodha akanipigia kelele kutoka usukani, "hiyo nyundo bado umeikalia?"

Nilikuwa nimeikalia. Nilipanda nayo, nisije nikaiacha ikaokotwa na mwenyewe.

Tuliporudi ghalani mama mkwe alikwenda moja kwa moja mlangoni. Akauangalia mzigo wake, akajaribu kulifungua fundo. Lilikuwa limekaza sana.

"Nipe kisu," akasema.

Nikampa. Akaikata ile kamba ya mkonge, akaitupa jikoni motoni, akatoa sufuria zake akazipanga ukutani kwa ukubwa.