Sarafu Iliyoitwa Kibinti

Sarafu ile ndogo kuliko zote ilizaliwa bila jina. Serikali ilitaka uso wa mtoto, mtoto yeyote tu. Mchongaji wa kiwanda cha sarafu akamketisha binti yake wa pekee juu ya kigoda, akamchonga. Watu wa sokoni, ambao hawana subira ya kungoja tangazo, wakaiita Kibinti. Hata aliyefulia alisema, "Sina hata kibinti."

Fundi alikuwa bingwa, lakini mapenzi yalimpumbaza. Anayechonga muhuri wa kugongea sarafu hugeuza kila kitu, maana cha kushoto hutokea kulia. Tarakimu alizigeuza. Uso akausahau, akamchonga mwanawe vile vile alivyomwona. Kibonyo cha shavu la kushoto kikatokea la kulia, nchi nzima.

"Nitarekebisha toleo lijalo," alimwambia mkewe. Homa haikungoja toleo. Mtoto akaenda, na picha hawakuwa nayo hata moja.

Tangu hapo mama mtu hakupokea kibinti dukani. "Huyo si wangu," alisema. "Wangu kibonyo chake kushoto." Wauzaji walimwona ana maringo. Hawakujua, maskini.

Bei zikapanda, kibinti kikakosa cha kununua. Amri ikaja: sarafu ziyeyushwe, na muhuri aukate kwa patasi yule yule aliyeuchonga, ndiyo desturi ya kiwanda. Mzee akautoa kabatini, akaupangusa mafuta, akashtuka. Kibonyo kilikuwa kushoto! Miaka yote hiyo, uso wa kweli wa mwanawe ulifungiwa humu. Na kuugandamiza kwenye nta kungerudisha kosa lile lile.

"Bosi, niachie huu niende nao nyumbani."

"Mzee wangu, tutafungwa wote. Lete, nitaukata mimi."

"Hapana. Mwanangu hapigwi na mtu baki."

Akaweka patasi juu ya uso ule. Machozi yalimziba macho, mkono ukapiga nyundo kwa mazoea.

Nyumba yao ilipakana na ukuta wa kiwanda. Jioni alimkuta mkewe anakunja nguo, akamweleza yote bila kuficha.

"Kushoto?" mama akauliza.

"Kushoto, mke wangu. Kama alivyokuwa."

Mama akaiweka nguo chini.

"Nilikuwa hapo kambani, naanika. Nyundo niliisikia. Kwa nini hukuniita, baba, nikamwona kwanza?"

Mzee aliomba kuondoka na muhuri. Kuomba mkewe aje autazame tu, hakukumbuka.