Kiganja cha Daktari wa Meno

Daktari wa meno wa zahanati yetu ya Lemara huongea ameziba mdomo kwa kiganja. Kabla mgonjwa hajapanua kinywa ataulizwa, "Utotoni mlichota maji wapi?" na jibu huliandika taratibu, kwa penseli. Juzi mama mmoja wa mlimani alimleta bintiye wa miaka saba, Tabitha, ambaye magego yake mapya yanamomonyoka kama chaki.

"Mgombeze, daktari. Huyu hapigi mswaki."

Daktari akauliza habari za maji. Mama akajibu kwa fahari kwamba tangu Tabitha akiwa mchanga wanayaweka kwenye dumu imara lililokuwa na dawa ya kuua wadudu wa mibuni, ile inayouzwa kila duka tangu ushirika uache kuigawa. Aliliosha kwa majivu mara saba.

"Gamba la gego hili lilijengwa ndani ya fizi, mama, mtoto akiwa bado anatambaa. Kuna dawa zinazovuruga homoni, gamba likatoka bovu. Sina hakika kama ni hii, ila dumu hilo lisiguse maji tena."

Kisha akashusha kiganja, akamwinamia Tabitha, akamwonyesha meno yake, yote ya kahawia kwa floridi ya maji aliyokunywa utotoni.

"Mimi nilichapwa kwa ajili ya haya," akamwambia, "na nilikuwa napiga mswaki kila siku."