Nakala Mbili Chini ya Godoro

Mtoto wa dada yangu alikuwa na miezi miwili, na kila akinyonya alirudisha maziwa. Kwenye kituo cha afya cha Vulamba mizani ilionyesha uzito uleule wa mwezi uliotangulia. Muuguzi alisema asipoongezeka wiki ijayo tutampeleka hospitali Beni. Mimi, mhitimu asiye na kazi, nilianza kuchunguza kila doa jeupe kwenye mabega yetu.

Kati ya maagizo ya muuguzi, daftari langu la siku ile lilikuwa na neno moja tu: wima. Nilifikiri mpaka kichwa kikauma, kisha nikachukua nakala mbili za mémoire yangu, tasnifu ya chuo, zenye jalada gumu, nikazisukuma chini ya godoro la mtoto upande wa kichwa. Adhuhuri tulimkuta ameteleza, kidevu kimegusa kifua, tumbo limejikunja, shuka limelowa.

Mama yetu alizivuta nakala zile, akazipangusa.

“Monsieur le licencié, mutoto hapana soma kitabu yako,” alisema, akinitania kwa shahada yangu. “Infirmière alisema alale chali, godoro sawasawa, bila muto. Wima ni wakati ameisha kunyonya.”

Tulikuwa wote pale kituoni muuguzi alipoyasema hayo. Mimi niliandika, yeye alisikiliza.

Tangu hapo alimkataza dada kumfunga mtoto mgongoni mara tu baada ya kunyonya, maana dada huinama kufua na tumbo la mtoto hubanwa. Alimbeba mwenyewe, kifua kwa kifua, kichwa begani, akitembea polepole uani kando ya maharage yaliyoanikwa. Hakuinama hata mara moja. Maharage yalipotaka kugeuzwa, aliyageuza kwa mguu. Jirani alimuuliza kama siku hizi amekuwa sentinelle, naye akajibu kwamba ndiyo, analinda maziwa. Nilitaka kumpimia kwa simu nusu saa ya kumshika wima, akacheka. Baadaye alimlaza chali, taratibu kama anayeweka mayai.

Siku ya kupimwa sikuweza kutazama. Nilisikia dada akivuta pumzi, kisha muuguzi akisema uzito umepanda, na kwamba kurudisha kidogo kutapungua akikua.

Dada alimnyonyesha palepale. Mama alimpokea mtoto, akanipa mimi.

“Simama sawa, papa,” aliniambia, akiniita baba kwa utani. “Hapana kuandika.”

Nilisimama. Benchi lilikuwa tupu, na sikukaa.