Kata Chini ya Kidevu cha Mbwa

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa chumba cha picha za eksirei hospitalini alinivika aproni nzito ya madini ya risasi, ile inayokinga mwili na miale, akaniambia nisimame nayo mpaka saa sita. Mgongo uliniuma, nikamchukia kimoyomoyo. Leo namshukuru. Nyinyi vijana mnaotaka kugusa mashine siku ya kwanza, mngeshindwa.

Miaka mingi nilipiga picha za vifua na mifupa, tukiziosha kwenye dawa gizani. Kisha nikahamishiwa kliniki moja upande wa Simi-Simi, ambako skana ilikuwa imefika. Skana inakata picha ya kichwa vipande vipande kama mkate, bila kisu. Mashine ya sumaku, inayoona ubongo vizuri zaidi, hatukuwa nayo. Mkuu wangu huko alikuwa Daktari wa Picha, mtu wa maneno machache. Jumamosi mchana, wagonjwa wakiisha, alimruhusu daktari wa mifugo alete mbwa. Nilinuna. Mimi, mtoto wa nyumba ya Kiislamu ya mtaa wa Mangobo, nimshike mbwa kichwa? Papa yangu mzazi alicheka tu, akasema maji ya kunawa mara saba, kama dini inavyomtaka aliyeguswa na mate ya mbwa, hayajakauka.

Ndipo akaja Mosala, mbwa wa mwindaji mmoja mzee wa Bengamisa, mbali nje ya mji. Kwa miezi alikuwa akianguka na kutetemeka, na siku hizi alizunguka upande mmoja tu. Si kichaa cha mbwa, alisema daktari wa mifugo. Kichaa kingekuwa kimemuua zamani. Alishuku uvimbe. Walikubaliana na mzee hivi: uvimbe ukiwa mdogo, atapewa vidonge, ukiwa mkubwa na umesukuma ubongo, atalazwa usingizi wa mwisho kwa sindano siku hiyohiyo, asiteseke.

Mbwa alichomwa sindano ya usingizi. Kilalio cha kichwa kilitengenezwa kwa ajili ya watu, kidevu cha mbwa kikaelea. Nikafungua kitenge changu, nikakisokota kata, ile tunayowekea beseni kichwani, nikamwekea chini ya kidevu. Nilijisifu sana kwa akili hiyo. Tukamtia kwenye mshipa dawa ya kung'arisha, ambayo uvimbe huinywa ukawaka mweupe, tukapiga.

Daktari wa Picha alitazama kioo. "Uvimbe iko mukubwa. Mustari ya katikati imesogea. Bon, tusitese imbwa." Mstari huo hugawa ubongo nusu kwa nusu; ukisogea, kuna kitu kinachousukuma.

Daktari wa mifugo akavuta dawa kwenye sindano. Mimi niliendelea kutazama. Katika kipande kimoja, tundu la sikio la kushoto lilionekana. La kulia halikuwepo. Nikarudi kwa mbwa. Kata ilikuwa imelegea upande mmoja, kichwa kimelala mshazari, na sikuwa nimekikagua tena.

"Chef, ngoja kwanza," nikasema. "Kichwa imepinda. Pande mbili hazikukatwa sawa, uvimbe inaweza kuonekana mukubwa bure."

"Kosa iko ya nani?"

"Yangu."

Nilingoja kufukuzwa. Akavua miwani. "Alors, mwenye imbwa iko pale inje. Enda umwambie weye mwenyewe. Kisha tunapiga tena."

Mzee alikuwa amekaa kwenye ngazi. "Papa," nikamwambia, "nilimulaza imbwa yako mubaya. Picha ilitudanganya. Tunarudilia."

Aliinuka. "Sindano ilikuwa tayari?"

"Ilikuwa tayari, papa."

Nikarudi, nikamlaza Mosala kwa taulo ngumu, masikio sawa kwa sawa. Safari hii mstari ulikaa katikati. Uvimbe ulikuwepo kweli, lakini mdogo kama punje ya karanga, umeng'ang'ania ngozi ya nje ya ubongo. Hatuna wa kuupasua hapa. Mosala akaenda nyumbani na vidonge vya kupunguza uvimbe na vya kuzuia kuanguka.

Nimestaafu sasa, na katika wakubwa wangu wote Daktari wa Picha ndiye ninayemwombea zaidi, kwa kunituma nje badala ya kunifichia kosa. Tangu siku ile sikupiga picha ya kichwa, cha mtu wala cha mnyama, bila kutazama masikio mara mbili.

Mwaka huu, wa pili tangu picha ile, asubuhi moja, pikipiki ilisimama mbele ya nyumba yangu Mangobo. Yule mzee akateremka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikamkaribisha, akakataa kiti kwanza.

"Mama, Mosala amekufa juzi, ndani ya usingizi," akasema. "Siku ile ulikuja kuniambia weye mwenyewe. Niliona si muzuri usikie kwa watu."