Saa Haifungiwi Sandukuni

Ipo siku moja siisahau, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka. Usicheke nikikuita mwanangu. Wewe uko kidato cha kwanza, mimi niko cha nne. Hapa shuleni mzee ni nani kama si mimi? Kaa kitako usikilize.

Nilikuwa kidato cha pili. Mzee Komba wa Matogoro, dereva mstaafu wa misheni, alikuwa na saa ya Uswisi aliyopewa na padri mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Si saa ya mchezo ile. Zilitengenezwa mia tatu tu duniani, na mgongoni ilichorwa namba yake, mia moja na kumi na mbili. Mzee alikuwa amechoka kwenda shambani kwa miguu, akaitamani baiskeli niliyoachiwa na babu. Mimi nikaitamani saa. Tukabadilishana, nami nikaanza kupiga mguu kutoka Ruhuwiko hadi shule, nimevimba kama chura.

"Ivae," Mzee Komba aliniambia. "Usiivue ovyo. Saa hii inaishi mkononi."

Nikadhani ananifundisha kujidai. Kwetu sisi, wewe unajua, kitu kizuri hakivaliwi siku za kazi. Shati jema na viatu vyema vinalala sandukuni na nafthalini, vinatoka Jumapili kwa misa. Basi nikaifunga saa kwenye leso, nikaizika chini ya suruali. Jumapili ya kwanza nikaikuta imesimama. Nikairekebisha, nikaenda nayo kanisani, nikarudi, nikaizika. Jumapili ya pili imekufa tena! Nikasema mzee kanitapeli. Mzee wa watu!

Ujinga ukanipeleka sokoni kwa fundi saa. Tangu bidhaa za nje ziruhusiwe, saa za plastiki zimejaa pale kama dagaa wa Nyasa, na ikisimama yoyote dawa yake ni betri. Nikaona saa zote ndugu.

"Shikamoo, fundi. Niwekee betri."

Fundi akafungua kifuniko. Akaniangalia mimi, akaiangalia saa, akaniangalia mimi tena. Hata marahaba aliisahau.

"Betri imekwisha kabisa, bosi," akasema. "Niachie, uje jioni."

Bosi! Mimi na kaptula ya shule! Nikalainika kama uji wa mgonjwa. Nikamwachia, mwanangu, nikaenda zangu kula muwa.

Jioni niliikuta inatembea vizuri ajabu. Nikapanda Matogoro kumtambia Mzee Komba kwamba nimemponya mgonjwa wake. Akaiweka sikioni, kisha akautazama mshale wa sekunde. Unaruka, unasimama, unaruka.

"Mshale wangu ulikuwa unateleza," akasema taratibu. "Huu unachechemea, mashine ya tumboni si ile. Wewe, saa hii haikuwa na betri tangu izaliwe. Inajitia ufunguo yenyewe mkono unapocheza. Nilikuambia uivae. Ukaifanya maiti, halafu ukampa fisi akuzikie."

Nikashuka sokoni mbio. Fundi hakutikisika.

"Kijana, ulitaka saa itembee. Haitembei?"

"Mashine yangu iko wapi?"

"Mashine gani? Una shahidi?"

Watu wakaangua kicheko. Mpaka leo sijui walimcheka nani, ingawa nina wasiwasi.

Wiki mbili baadaye nilichelewa namba ya asubuhi mstarini. Mwalimu wa nidhamu akanisimamisha mbele, fimbo mkononi, na kwenye mkono huohuo ile saa yake kuukuu ya Uswisi iliyokuwa imekufa mwaka mzima. Mshale unateleza kama mafuta juu ya maji!

"Mwalimu," nikasema, "hiyo saa umetengenezewa wapi?"

"Pale sokoni. Fundi kanitafutia mashine safi kabisa. Inama!"

Nikainama. Na kila alipopandisha mkono na kuushusha, ndivyo alivyozidi kuitia ufunguo mashine yangu. Mimi nachapwa, saa yangu inashiba! Hiyo ni haki? Na kusema sikuweza. Shahidi wangu nani?

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilivunjika mahali pengine. Kwa hiyo sikia. Ukitaka saa ya thamani iliyokwisha kuvaliwa na mwingine, ifunguliwe mbele yako kwanza. Jina lililo usoni ulikute na kwenye mashine, maana namba ya mgongoni haikudhaminii tumbo. Muulize aliyeivaa inaishije, na akishakuambia usijifanye unajua kuliko yeye. Ivae hata Jumatatu, ila si kwenye jembe wala kisimani. Ikiumwa, kaa kwenye benchi la fundi mpaka kifuniko kirudi mahali pake. Njaa ikikubana vumilia, miwa haiishi Songea. Na fundi akikuita bosi, chukua saa yako uondoke.

Haya, nenda, mwanangu. Mungu akupe jicho lisilosinzia mbele ya meza ya fundi, akupe mkono usiolala, na saa yako izeeke na tumbo lake lenyewe.